Funguo imo ndani ya buti, na samaki nao wamo humo humo

Wenye Benzi za zamani mtanielewa haraka, wengine twendeni taratibu. Naongelea W123, zile za kati ya mwaka 1976 na 1986, zilitoka kama milioni 2.7 na ukikaa kijiwe chochote cha wazee hapa Mtwara humkosi mmoja wa kukwambia aliwahi kuendesha ya bosi fulani, na akishaanza hiyo stori chai yako inapoa. Sasa hii gari kuisahau funguo ndani halafu milango ikajifunga ni kazi kweli kweli. Mlango wa dereva ukiwa wazi, kile kidude cha loki kinachochungulia hapo dirishani hakikubali kushuka, kwahiyo ili uuloki lazima uwe nje, mlango umeshaufunga, na funguo unayo mkononi. Aliyekaa akawaza hivyo alikuwa anatujua binadamu. Ila hakufika mpaka nyuma. Buti unaweza kuifungua kwa funguo huku milango yote imelokiwa, ukapanga mzigo, ukaiacha funguo juu ya mzigo, ukashusha mfuniko, na mfuniko ukishuka unabana moja kwa moja kwa sababu senta loki, ule mfumo wa kuloki milango yote na buti kwa pamoja, bado inaiambia buti ikae imefungwa. Hapo umekwisha. Ndani hakuna kile kiwenzo cha kuvuta buti ifunguke kama kwenye Toyota, na kupitia siti ya nyuma hakuna njia, nitaeleza kwanini.

Mjomba ndo alichokifanya.

Mjomba wangu ana 240D, manyo ya gia nne, dizeli ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 72 zikiwa bado zote zipo, mlima wowote anaupanda kwa kumswalia Mtume. Aliinunua kwa mstaafu mmoja kule Masasi na tangu siku hiyo hakuna shughuli ya ukoo inayofanyika bila Benzi kupita mbele. Siku hiyo ilikuwa ni shughuli ya kumtoa mwali, wageni wameshaanza kuingia toka Newala na Nanyamba, na yeye kajitolea kuleta samaki, maana kwa kabila letu mjomba ndo mwenye shughuli na mjomba anayeleta dagaa kwenye ngoma ya mwali atasemwa mpaka msimu mwingine wa korosho. Tukaenda Feri asubuhi. Akanunua kolekole mzima wa kubebwa na watu wawili pamoja na pweza wa kutosha, na kama kawaida yake alikuwa ameshaloki milango yote kabla hata ya kuuliza bei, kwa sababu anaamini Feri yote inaisubiri Benzi yake. Akafungua buti kwa funguo, akalaza kiroba, akaweka funguo pembeni ya tairi la akiba ili apate mikono miwili ya kumlaza kolekole vizuri, akafuta mikono, akashusha mfuniko kwa ule upole wa mtu anayeipenda gari yake. Tak. Halafu akabaki amesimama anajipapasa kanzu mfukoni.

Jua la Novemba la Mtwara halisubiri mtu afikirie. Buti ni bati, bati ni jeusi, ndani kuna samaki bila barafu.

Dakika hazikuwa nyingi tukazungukwa. Mnajua Feri ilivyo, wavuvi wameshashusha mzigo, bodaboda wanasubiri abiria, akina mama wa kukaanga wamekaa na makarai, halafu inatokea Benzi imekula funguo, hiyo ni burudani ya bure. Na kila mtu ana dawa. Wa kwanza kabisa alitaka jiwe. Anasema vunja kioo kidogo cha nyuma, kioo bei gani bwana. Mi nilimuuliza, ukishavunja kioo unafungua mlango wa nyuma, sawa, mlango huo siyo shida yetu, shida yetu ni buti, akanyamaza ila jiwe hakulitupa.

Wa pili alikuwa na akili zaidi, akasema ng'oeni siti ya nyuma mpitie humo. Kwenye gari nyingi huo ushauri ni wa maana kabisa, unalala kifudifudi unapenyeza mkono unatoa ulichokisahau. W123 saluni hapana. Nyuma ya mgongo wa siti kuna ukuta wa bati na nyuma ya bati limesimama tangi la mafuta, lita 65. Wajerumani walilitoa tangi kule mwisho karibu na bampa wakaliweka juu ya ekseli ili gari ikigongwa kwa nyuma lisipasuke, jambo la kheri sana, ila maana yake ni kwamba kati ya wewe uliyekaa siti ya nyuma na kolekole wako kuna pipa la dizeli. Na kumbuka enzi zile hakuna aliyewaza mtu kutoka kwenye buti kwa ndani. Marekani wenyewe mpaka Septemba 2001 ndo sheria ikaanza kulazimisha gari ndogo mpya zenye buti ziwe na kishikio cha kufungulia toka humo ndani, kile kinachong'aa gizani, na hiyo ni kwa ajili ya watoto na watu waliotekwa, samaki hawamo kwenye hesabu.

Wa tatu ndo aliyenitisha. Kaja na drili. Sijui aliitoa wapi asubuhi ile, nadhani kulikuwa na boti inatengenezwa pale karibu. Hoja yake ni mbili. Ya kwanza atoboe katikati ya kitasa, ale zile silesi ndogo ndogo za shaba zilizomo ndani ya silinda, baada ya hapo unageuza kwa bisibisi. Ya pili, na hii aliisema kwa kunong'ona kama anakupa siri, tufungue pleti namba, atoboe tundu nyuma yake, apenyeze waya mpaka kwenye kishikizo cha loki, tukimaliza turudishe pleti na hakuna atakayejua. Nakiri kwamba hiyo ya pili ni ya fundi anayejua. Kwenye gari nyingine ningesema fanya. Lakini jamani hii ni Mtwara, chumvi inakuja na upepo usiku na mchana, bati likishachubuliwa tu rangi unampa kutu anuani ya nyumbani, na gari hii imevumilia zaidi ya miaka arobaini bila tundu halafu leo itobolewe kwa sababu ya pweza? Na kitasa chenyewe ukishakiua kinakuja kutafutwa Kariakoo huko, na cha kununua hakitakubali funguo ya milango, mjomba atatembea na funguo mbili mpaka mwisho wa maisha yake. Nikamwambia kaka, asante sana, subiri kwanza. Mjomba naye akasimama kati ya drili na gari, hakusema neno.

Alikuwepo pia mzee mmoja wa Pijo. Huyu hakuja kusaidia, alikuja kusema. Kwamba enzi za Pijo 404 upuuzi kama huu haukuwepo, gari inafunguka inafungwa basi, na kwamba Safari Rally ya 1966 na ya 1967 alichukua Bert Shankland mkazi wa hapa hapa Tanzania kwa Pijo 404, Benzi ilikuwa wapi. Mjomba alijibu. Nisingependa kuandika alichojibu. Walibishana hapo juani huku samaki wanazidi kuiva, na mke wa mjomba anapiga simu, mi ndo napokea, "samaki wako wapi?" "Wapo mama, wapo salama, wamefungiwa."

Mchonga funguo tulimpigia akawa mkweli. Akasema bila funguo ya kuigizia anaweza kutumia njia ya kupapasa, yaani anachukua funguo isiyochongwa, anaiingiza, anaikaza kidogo kulia kushoto, anaitoa anaangalia kwa kioo cha kukuzia ni wapi zile silesi zimeacha alama, anapiga tupa kidogo hapo, anarudisha, hivyo hivyo mpaka ikubali. Ni kazi ya subira na inafanya kazi. Ila funguo isiyochongwa ya Benzi ya zamani hana, Mtwara hana anayemjua, ikitumwa na basi toka Dar inaingia kesho. Kilomita 560 na ushee, ya lami siku hizi, siyo kama kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 ambapo ungesubiri pantoni Ndundu na funguo yako. Ila kesho ni kesho, kolekole ni leo.

Aliyetuvusha hatua ya kwanza ni kijana mmoja mvuvi, hajawahi kumiliki gari. Alikuwa kakaa anaangalia kile kidude cha loki kwenye kioo cha dereva, akauliza, hiki kikinyanyuka mlango unafunguka? Tukamwambia ndio. Akachukua mshipi, ile nailoni nene ya kuvulia, akafunga kitanzi kinachokaza ukivuta, akachomeka kijiti kikavu kwenye kona ya juu ya fremu ya mlango mpaka mpira ukaachia upenyo kidogo, akashusha mshipi ndani akiwa anaucheza kwa ncha za vidole kama hakuna watu wanaomwangalia. Kitanzi kikazunguka kidude, akavuta pembeni kikakaza, akavuta juu. Mlango ukafunguka. Rangi haikuguswa, mpira haukuchanika, ikapigwa vigelegele na akina mama wa makarai. Mi nawaambia watu, ukiona mtu anashughulika na fundo kila siku ya maisha yake usimletee waya wa hanga.

Na hapo kila mtu alidhani tumemaliza, mimi nikiwemo, kwa sababu kwenye Benzi yenye senta loki ukinyanyua loki ya dereva milango yote inafuata, na buti inafuata, na kifuniko cha tangi kinafuata. Mjomba akakimbilia nyuma akabonyeza. Buti imekaza. Milango mingine nayo haijanyanyuka hata mmoja. Tukanyanyua na kushusha loki ya dereva mara kadhaa, hakuna kitu, kimya.

Ndo tukamuita fundi, na hapa ndo ninapotaka kukaa kidogo.

Fundi wetu ni mtu mzima, amekulia kwenye magari ya dizeli ya serikali, siku hizi anakaa chini ya mwembe kule Chikongola na boksi lake la spana. Alishuka kwenye bodaboda, akasalimia mmoja mmoja, hakwenda kwenye buti kabisa. Alisimama mbele ya gari akamuuliza mjomba:

"Mzee, hii gari huwa unaizimaje?"

"Kwa funguo. Gari inazimwaje kwani?"

Fundi akaniangalia mimi. Nikasema ukweli, nikamwambia mjomba anatoa funguo, injini inaendelea kunguruma, anavuta boneti, anashuka, anaenda kubonyeza kile kiwenzo kilichoandikwa STOP kwenye injini, ndo inazima. Imekuwa hivyo muda sasa. Watoto wa mtaani wanajua, wakisikia Benzi imefika wanasubiri mjomba ashuke afungue boneti.

"Basi," fundi akasema, "ugonjwa ni mmoja."

Akaeleza na mi nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona. Senta loki ya hii gari haina umeme. Inatumia vakyumu, upepo wa kuvuta, kama unavyonyonya dafu kwa mrija. Kuna mipira myembamba imetambaa chini ya zulia mpaka kwenye kila mlango na mpaka kwenye buti, na mwisho wa kila mpira kuna kikopo chenye kiwambo cha mpira ndani, kikivutwa huku kinaloki, kikivutwa kule kinafungua. Loki ya dereva ndo bwana mkubwa, ndo inayoamua upepo uende upande gani. Injini ya petroli upepo huo inautengeneza yenyewe inapovuta hewa, ila dizeli hii haina ile kabureta wala kizuizi cha kubana hewa, kwahiyo Wajerumani wakaifungia pampu yake ya vakyumu, na hiyo pampu moja inalisha vitu vitatu, breki kuwa nyepesi, milango, na kuzima injini. Ndio, kuzima injini. Dizeli haina plagi za kukatiwa umeme, ukigeuza funguo unachofanya ni kufungulia upepo ukavute kidude kinachokata mafuta kwenye pampu ya sindano. Upepo ukivuja, funguo inatoka na injini haina habari.

Sasa kuna na kitenki cha kuhifadhi upepo ili hata injini ikizimwa uweze kufungua na kufunga. Mjomba alipoloki milango pale Feri, injini ilikuwa imezimwa muda si mrefu, akiba ikatosha kuloki. Wakati sisi tunabishana mambo ya jiwe na drili na Pijo, akiba ikawa inavuja taratibu mpaka ikaisha. Mvuvi alivyonyanyua loki, amri ilitoka, nguvu haikuwepo. Buti ilikuwa inangoja upepo tu.

Kuwasha injini hatuwezi, funguo iko kwa kolekole. Ila upepo siyo lazima uwe wa Benzi, fundi akasema. Akaangalia huku na huku akaona Toyota IST ya teksi imepaki, ya petroli.

Mwenye IST alikataa, tena kwa sababu za msingi. Alidhani tunataka kubusti betri, akasema betri yake ndogo, tukamwambia siyo umeme, ni upepo, akazidi kukataa, maana umeme angalau anaujua. Ilibidi mzee wa Pijo aingilie, maskini, kumbe ni baba yake mdogo, akamwambia acha roho mbaya peleka gari. Akaileta pua kwa pua na Benzi. Fundi akawasha IST, akachomoa kimpira chembamba pale injini inapovuta hewa, ngurumo ikapanda ikashuka, mwenye gari akashika kichwa. Fundi akachomeka pale kipande cha mpira wa dripu aliokuwa nao kwenye boksi, upande wa pili akauchomeka kwenye mpira wa Benzi unaokwenda ndani kwenye milango, ule unaochepuka toka kwenye bomba la breki. Ngurumo ya IST ikatulia. Tukasubiri kitenki kijae, ama tuseme kitupwe hewa, vyovyote. Akamwambia kijana mvuvi, haya, we ndo uliyeanza, shusha loki ya dereva halafu nyanyua tena.

Milango ikapiga tak tak, mmoja ukachelewa kidogo, halafu kule nyuma ikasikika moja nzito. Mjomba akabonyeza kwa kidole kimoja, buti ikanyanyuka na harufu yake.

Pweza alikuwa mzima kabisa, pweza havunjiki moyo. Kolekole ilibidi aende kwenye karai haraka, na mke wa mjomba alimnusa akasema huyu anakaangwa haendi kwenye nazi, ikawa hivyo, wageni wakala wakasifu.

Jioni ile ile fundi alikuja kutafuta uvujaji. Alivua ubao wa mlango wa nyuma kushoto, uleule uliochelewa, akatoa kikopo akapuliza kwa mdomo, hewa ikapita moja kwa moja, kiwambo kimepasuka kwa uzee. Kipya hatuna, kwahiyo akauziba ule mpira kwa skrubu, mlango huo sasa unalokiwa kwa mkono, vingine vyote vinafanya kazi na injini inazima kwa funguo. Watoto wa mtaani wamesikitika. Kama una Benzi ya dizeli na injini inachelewa kuzima, usisubiri mpaka buti ikugomee, chomoa mipira ya milango mmoja mmoja uzibe kwa kidole usikilize ni upi ukiuziba gari inazima vizuri. Na breki pia inakula upepo huohuo, mi hilo ndo lilinitoa jasho zaidi nilipolifikiria baadae.

Limebaki suala la funguo ya pili. Ya pili ya gari hii haijulikani ilipo, mstaafu wa Masasi alikabidhi moja. Mercedes wanachonga mpya kwa namba ya chesesi hata kwa magari ya umri huu, unapeleka kitambulisho na karatasi za kuonyesha gari ni yako, wanaangalia kumbukumbu zao, funguo inatoka kama ile ya kiwandani, hakuna kupapasa. Nilimwambia mjomba alete kadi ya gari niipige picha. Akaenda ndani, akakaa, akarudi nayo kwenye bahasha, na kadi imeandikwa jina la mstaafu wa Masasi. Miaka yote hii hajawahi kubadilisha umiliki. Mstaafu yupo hai, alhamdulillahi, simu yake inaita, ila anasema hawezi kusaini chochote mpaka mjomba ammalizie hela ya tairi la akiba, na mjomba anasema tairi la akiba lilikuwa ndani ya bei.